Kipimo cha chumvi kinapokudanganya: kusaka kosa kwenye tangi la maji ya bahari

Februari, jua la Dar likiwa halina huruma, tumbawe laini lililozoea kufunguka kila asubuhi kwenye tangi langu la lita 200 lilijikunja na kubaki hivyo siku nne. Samaki walikula, lakini kivivu. Nikapima chumvi kwa haidromita ya plastiki yenye mshale niliyokuwa nayo mwaka mzima: 1.024. Hakuna cha kutisha. Nikasafisha chujio, nikabadilisha maji kidogo, nikailaumu taa. Siku ya tano jirani akaniazima rifraktometa yake, kile kidarubini cha mkono kinachokisia chumvi kwa mwanga. Nikadondosha matone mawili, nikaielekeza dirishani, nikachungulia. Mstari wa buluu umekaa kwenye 40, wakati unatakiwa ukae 35.

Kumbe vifaa vyote viwili vilikuwa vinadanganya, kila kimoja upande wake. Maji yenyewe, baada ya kuhakiki, yalikuwa 38 na ushei. Mshale wa haidromita ulikuwa umeota chokaa, ukawa mzito, ukasoma chini. Rifraktometa ya jirani ilichorwa kwa ajili ya maji yaliyotiwa chumvi ya mezani, siyo maji ya bahari, ikasoma juu. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue kipimo gani, mimi humuuliza kwanza: utajuaje siku kikianza kukudanganya? Kipimo cha bei kubwa usichoweza kukihakiki hapo nyumbani kina hatari kuliko cha bei poa unachokibana kila mwezi.

Basi twende dalili kwa dalili. Lakini kuna mambo mawili ya kuweka sawa kabla hujaanza kukilaumu kifaa.

Namba unayoitafuta

Maji ya bahari kuu yana chumvi gramu 35 hivi katika kila kilo moja ya maji. Hiyo ndiyo 35 unayoiona kwenye rifraktometa. Maji hayo hayo ukiyapima uzito na kuyalinganisha na maji matamu, yote yakiwa kwenye nyuzi 25, unapata 1.0264. Ukiyapima yanavyopitisha umeme, ni milisimensi 53 kwa sentimita, hapo hapo kwenye nyuzi 25. Namba tatu, maji ndoo moja.

Hapa ndipo chimbuko la makosa karibu yote: hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivi kinachopima chumvi yenyewe. Haidromita inapima jinsi kitu kinavyoelea majini. Rifraktometa inapima mwanga unavyopinda. Kalamu ya umeme inapima umeme unavyopita. Kisha kila kimoja kinakisia chumvi kutokana na hicho kilichokiona. Kwa hiyo kinachoiharibu haidromita (viputo, ukoga, joto) si lazima kiiharibu rifraktometa, na ukijua kifaa chako kinatazama nini, nusu ya kosa umeshalipata.

Kwenye tangi lenye matumbawe mimi hushikilia kati ya 34 na 36. Samaki watupu wanavumilia hata 30, mradi isipande na kushuka kila siku.

Maji ya ushahidi

Unahitaji maji ya aina mbili ambayo chumvi yake unaijua bila kubishana na mtu. Ya kwanza ni sifuri: maji yaliyochujwa kwa RO (yaani kusukumwa kupitia utando unaozuia chumvi) au yaliyotoneshwa. Huku kwetu rahisi ni maji ya betri, kile kidumu cha plastiki kinachouzwa vituo vya mafuta na maduka ya spea. Soma lebo vizuri, maana kuna wauzaji wanaoita "maji ya betri" hata asidi yenyewe. Kikiandikwa asidi, kirudishe rafuni. Maji ya kunywa ya chupa nayo hayana neno kwa kazi hii. Madini yake ni machache mno kuisogeza rifraktometa. Ila maji ya kisima usiyaguse. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvichumvi, na ukiweka sifuri kwa maji yenye gramu 3, umepoteza gramu 3 kila utakapopima.

Maji ya pili ni ya 35. Zipo chupa ndogo zinazouzwa kwa kazi hiyo, lakini unaweza kujitengenezea ya rifraktometa: chumvi ya mezani gramu 36.5, maji ya betri gramu 963.5, jumla kilo moja. Usishangae namba kuwa 36.5 badala ya 35. Chumvi ya mezani ni sodiamu kloraidi tupu, au karibu tupu, wakati maji ya bahari yana magnesiamu, salfeti, kalsiamu na vinginevyo, na mwanga unapinda tofauti kidogo. Mchanganyiko huu wa 36.5 unaupinda mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35. Kwa haidromita namba hubadilika, ni gramu 37.1 za chumvi kwa gramu 962.9 za maji. Kwa kalamu ya umeme usijitengenezee. Nunua pakiti yake ya milisimensi 53.

Mambo mawili huharibu mchanganyiko huu. Moja ni mizani. Mizani ya jikoni inayoruka gramu kwa gramu inaweza kukukosesha karibu nusu gramu, na nusu gramu hapo ni kama nusu ya namba kwenye rifraktometa. Chumvi ipime kwa kimizani kidogo cha mfukoni, kile wanachotumia masonara. Maji yapime kwa mizani ya jikoni. La pili ni unyevu. Chumvi ya Dar ikikaa wazi inalowa yenyewe, unapima gramu 36.5 kumbe nyingine ni maji. Ipashe kwenye kikaango kikavu mpaka ichezecheze kama mchanga, iache ipoe ndani ya chombo chenye mfuniko, ndipo upime.

Funga chupa barabara. Chupa inayovuja mvuke inaongezeka chumvi kimyakimya, na ukirekebisha kifaa kwa maji yaliyokolea, kifaa kitasoma chini daima.

Dalili: vifaa viwili, namba mbili

Kosa la kwanza la watu ni kuchukua wastani. Kimoja kinasema 33, kingine 37, mtu anasema basi ni 35. Hapana. Wastani wa uongo mara mbili hauzai ukweli.

Vipime vyote kwa maji ya ushahidi, siku hiyo hiyo, chumba hicho hicho. Kile kinachotoa 35 ndicho shahidi. Kama vyote vimekosea, andika kila kimoja kimekosea kiasi gani na upande gani, kisha uende kwenye dalili yake hapa chini. Na hakikisha kwanza unalinganisha kitu kimoja. Mtu anasoma 1.026 kwenye haidromita na 35 kwenye rifraktometa anadhani vinapingana, kumbe vinasema jambo lile lile.

Dalili: haidromita ya mshale inabadilika kila ukipima

Hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, kile kisanduku cha plastiki chenye mshale unaopanda maji yakiingia. Chota maji, weka mezani, piga jicho kwenye mshale kwa karibu. Utaona viputo vidogo kama vichwa vya pini vimeng'ang'ania ubavuni. Kila kiputo ni boya. Kinauinua mshale na unasoma juu kuliko ukweli. Gonga kisanduku kwa ukucha mara tatu nne mpaka vitoke. Vikikataa, mwaga uchote upya polepole, kisanduku kikiwa kimelala kidogo ili hewa itoke mbele ya maji.

Kama kifaa ni kipya kabisa, kijaze maji na ukiache hivyo siku nzima kabla hujakiamini. Plastiki mpya inasukuma maji, na viputo vinaipenda.

Ikiwa kinasoma chini, na kinazidi kushuka mwezi hadi mwezi, tazama mshale wenyewe kwa mwanga wa jua. Ukiona madoa meupe au ya waridi yanayokwaruza, hiyo ni chokaa na mwani mgumu. Mshale umenenepa. Ndicho kilichonipata mimi: kila mshale uliposhuka chini ya 1.024 nilidhani nimepungukiwa chumvi, naongeza, maji yanakolea, mshale nao unazidi kuwa mzito. Loweka kwenye siki nyeupe saa moja au mbili, suuza kwa maji matamu, hakiki tena. Na kila baada ya kupima suuza. Chumvi ikikaukia kwenye msumari wa mshale, mshale unakwama katikati na kukupa namba nzuri isiyobadilika. Namba isiyobadilika kwa miezi mitatu inanitia wasiwasi kuliko inayocheza.

Hata ikiwa safi, aina hii usitarajie iwe sahihi zaidi ya gramu moja au mbili. Kwa samaki watupu inatosha.

Dalili: haidromita ya kioo inasoma chini siku zote

Ya kioo, ile ndefu inayoelea wima, ni kifaa cha heshima. Haina betri, haina skrubu ya kulegea, na ikiwa kubwa na iliyotengenezwa vizuri inashinda rifraktometa nyingi za bei nafuu. Adui yake ni joto na macho.

Tafuta maandishi madogo ndani ya shingo yake. Kama yanasema 60°F, au 15.6°C, ujue ilichorwa kwa maji ya baridi. Tangi la Dar liko nyuzi 27 mpaka 29, na maji ya joto ni mepesi. Maji ya 35 yakiwa nyuzi 27 yataonekana kwenye haidromita hiyo kama 1.0237 hivi, karibu 0.003 chini ya yanavyostahili. Ukiongeza chumvi mpaka isome 1.0264 utakuwa umevuka 38. Ama utumie jedwali la marekebisho, ama ununue iliyochorwa kwa nyuzi 25 ambayo kosa lake kwa joto letu ni dogo.

Kuna mtego mwingine, na huu umewaponza hata wazoefu. Haidromita kadhaa za Ulaya hazilinganishi na maji matamu. Zinatoa densiti yenyewe, gramu kwa sentimita ya ujazo. Kwa hizo, maji ya 35 kwenye nyuzi 25 ni 1.0233. Sasa mtu ana kifaa cha densiti, anasoma 1.023 na yuko sawa kabisa. Anamwambia mwenzake "weka 1.023". Mwenzake ana kifaa cha kulinganisha, anaweka 1.023, na maji yake yanabaki kwenye 30 na nusu. Wote wamesoma sawasawa. Matumbawe ya mmoja yanadhoofika na hakuna anayeelewa kwa nini.

Upande wa macho: shusha jicho liwe sawa na uso wa maji, na soma pale uso ulionyooka unapokata shingo, siyo ule ukingo unaopanda kidogo kukumbatia kioo. Zima pampu au pima ndani ya jagi refu. Ndani ya tangi linalochemka mawimbi utakuwa unasoma bahati. Kioo kikiwa na mafuta ya mkono au ukoga wa chumvi, kioshe. Kikiwa kimemeguka hata kidogo, kimekuwa chepesi na kitasoma juu maisha yake yote. Hakitengenezeki.

Dalili: rifraktometa ina sifuri safi, lakini maji ya bahari yanasoma 36 na nusu

Mtu amedondosha maji ya betri, mstari umekaa sifuri pasipo shaka, amesokota skrubu kwa bisibisi kama alivyoelekezwa. Akipima maji ya 35 anapata 36 na nusu. Kifaa si kibovu. Ni cha kazi nyingine.

Rifraktometa nyingi za mkono zinazouzwa kwa bei nafuu zilichorwa kwa chumvi ya mezani. Zipo namna mbili za kuitambua. Chungulia ndani: kama kipimo kinafika 100 na mkabala wake kuna 1.070, ni ya chumvi ya mezani. Au tafuta 35 inakaa mkabala na nini. Ikiwa ni 1.025, ni ile ile. Ikiwa ni 1.026 na kidogo juu, ni ya maji ya bahari.

Huna haja ya kuitupa. Acha kuirekebisha kwenye sifuri. Dondosha maji ya ushahidi ya 35, sokota skrubu mpaka mstari ukae 35, basi. Sasa itakuwa imekosea kidogo kwenye sifuri, lakini nani anafuga samaki wa bahari kwenye sifuri? Unataka iwe kweli pale unapoishi. Ushauri huu nautoa hata kwa mwenye rifraktometa ya maji ya bahari, kwa sababu nyingine: ya bei nafuu inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na mistari yake isilingane vizuri kadiri inavyopanda.

Dalili: asubuhi 35, mchana 37

Kwanza uliza: ni maji au ni kifaa? Pima maji ya ushahidi mchana huo huo. Kama nayo yamepanda, ni kifaa.

Rifraktometa nyingi zimeandikwa ATC, maana yake zinajirekebisha kwa joto. Ndani kuna kipande cha metali mbili kinachojikunja joto likibadilika na kusogeza kioo. Lakini soma masharti: kwa kawaida kazi hiyo inafanyika kati ya nyuzi 10 na 30. Sebule ya Dar isiyo na kiyoyozi mwezi wa Februari, saa nane mchana, iko juu ya hapo. Na ukiiacha dirishani jua linapopiga, chuma chake kinapita 30 hata mwezi wa Julai. Mimi napima asubuhi kabla ya chai, na kifaa kinakaa ndani ya kabati.

Baada ya kudondosha, funga kifuniko na subiri nusu dakika ili maji na kifaa vifanane joto. Usisubiri dakika tano. Matone mawili yanakauka pembeni na kukolea, na mstari unapanda ukiutazama.

Mstari ukiwa na ukungu, au ukiona mpaka wa buluu umefifia kama chaki iliyofutwa, kuna hewa chini ya kifuniko au maji hayakutosha. Futa, dondosha upya matone matatu. Tumia kitambaa laini. Kioo chake kikikwaruzwa na kanga yenye mchanga, ukungu huo ni wa kudumu. Na tazama kwa mwanga mweupe. Taa ya buluu ya tangi inausogeza mstari.

Za kidijitali zinazotoa namba kwenye kioo zinaondoa ubishi wa macho, na zile za Hanna na Milwaukee zilizotengenezwa kwa maji ya bahari zina sifa nzuri. Zinawekwa sifuri kwa maji ya betri tu. Shida yake ya kujua ni mwanga mkali: jua au taa ya tangi ikiingia kwenye kidimbwi cha kupimia, namba inaruka. Kinga kwa kiganja, pima tena.

Dalili: kalamu ya umeme inagoma, inaganda kwenye namba moja au inasoma upuuzi

Tuanze na pesa iliyopotea. Kile kikalamu cha bei rahisi kinachouzwa kwa kupimia maji ya kunywa huwa kinaishia 9,990 (miligramu za chumvi kwa kila kilo ya maji) au karibu na hapo. Maji ya bahari ni 35,000. Hakiwezi, hata ukikibembeleza. Kabla ya kununua, tafuta namba ya juu kabisa kwenye maelezo; kama haifiki milisimensi 60, si kwa ajili yako.

Ukiwa na kinachofaa na kinasoma chini, kitikise ndani ya kikombe. Kiputo kimoja kikijibanza kati ya ncha zake mbili kinaziba njia ya umeme. Bado chini? Kuna ukoga, loweka ncha kwenye siki dakika chache, suuza. Inarukaruka ndani ya tangi lakini inatulia ndani ya kikombe? Ni umeme unaovuja kutoka kwenye pampu au hita. Pima kila mara nje ya tangi, na hiyo pampu ichunguzwe na fundi kabla haijakurusha wewe.

Joto kwenye kalamu ni jambo kubwa kuliko kwenye kifaa kingine chochote. Upitishaji umeme unapanda karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Kalamu isiyojirekebisha, maji yakiwa nyuzi 30 badala ya 25, inakuongezea asilimia 10: 35 inaonekana 38 na nusu. Hata inayojirekebisha inahitaji muda ncha ipate joto la maji. Isubiri dakika moja au mbili.

Pakiti ya kurekebishia ni ya kutumia mara moja. Najua inauma, nami niliwahi kuikunja na kuibana na klipu. Baada ya wiki mbili maji yamekolea, kalamu ikarekebishwa kwa uongo.

Dalili: kifaa kizima, maji ndiyo yamebadilika

Umehakiki, kifaa kinasoma 35 kwenye maji ya ushahidi, na tangi linasoma 37. Mwamini shahidi.

Sababu ya kwanza ni mvuke. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 6 linatoka 35 kwenda 36.1, na feni ikipigwa juu ya maji wakati wa joto, lita 6 si siku nyingi. Unachojazia kiwe maji matamu. Weka alama ya kalamu kwenye kioo cha tangi na ujaze mpaka hapo kila siku, kabla ya kupima.

Sababu ya pili ilikuwa yangu pia. Nilikuwa najazia maji ya kisima. Chukulia kisima kina gramu 3 kwa lita, na unajazia lita 4 kwa siku: ni gramu 12 za chumvi kila siku, gramu 360 kwa mwezi, karibu namba 2 nzima kwenye lita 200. Hutaiona kwa wiki. Utaiona tumbawe likifunga. Kipime kisima chako kwa rifraktometa leo hii. Mstari ukinyanyuka toka sifuri, nenda katafute maji mengine.

Chumvi ikishuka badala ya kupanda, tazama wapi unachota. Sisi wa pwani tuna bahati ya kuchukua maji ya bahari kwa ndoo, lakini wakati wa masika, karibu na mdomo wa mto Msimbazi au kwenye mkono wowote wa bahari, maji matamu ya mvua yanaelea juu ya maji ya chumvi na ndoo yako inachota hayo ya juu. Yana takataka za mji pia. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mito, na kama mvua imenyesha siku kadhaa mfululizo, subiri. Pima ndooni kabla ya kumimina. Ndugu aliye Dubai ana kinyume chake: maji ya Ghuba yanakaribia 40, lazima ayapunguze kwa maji matamu. Wa Muscat anapata 37 hivi.

Anayechanganya chumvi ya pakiti, awe Arusha au Nairobi, asipime dakika tano baada ya kukoroga. Acha pampu izungushe saa kadhaa. Chumvi iliyolala chini ya ndoo haijaingia kwenye namba.

Sasa ninunue kipi?

Ukiwa na samaki watupu na mfuko mwembamba, chukua haidromita ya mshale na siki. Ukiwa na matumbawe, rifraktometa ya mkono pamoja na chupa ya maji ya 35, na kama pesa inatosha kimoja tu kati ya rifraktometa nzuri au rifraktometa ya kawaida na chupa, chukua ya kawaida na chupa. Haidromita kubwa ya kioo ya nyuzi 25 ninaipenda kama shahidi wa pili, maana inaharibika kwa njia tofauti kabisa na rifraktometa. Vikikubaliana hivyo viwili, nalala. Kalamu ya umeme ni ya mwenye matangi mengi au duka, mtu anayepima mara kumi kwa siku.

Ukishajua ukweli, usikimbie

Nilipogundua maji ni 38.4 nilitaka kuyarudisha usiku ule ule. Ungekuwa msiba wa pili. Hesabu yake ni rahisi: gawanya unayoitaka kwa uliyonayo, 35 kwa 38.4, unapata 0.911, kwa hiyo karibu asilimia 9 ya maji yatoke na nafasi yake ijazwe maji matamu, kwangu lita 18. Nikazigawa siku nne, lita 4 na nusu kila asubuhi, nikiyamimina taratibu pale pampu inapotema ili yachanganyike. Kupandisha ndiko kunakotaka subira zaidi, namba moja kwa siku isizidi, kwa maji ya chumvi na siyo kwa kumwaga chumvi kavu tangini.

Siku ya sita tangu nianze kuyapunguza, tumbawe lilifungua nusu, upande ule unaotazama pampu. Haidromita ya mshale bado ninayo, imetoka kwenye siki nyeupe pee. Naitumia kupimia ndoo ninazochota Kunduchi, na pembeni yake nimeandika kwa kalamu ya wino: ongeza 0.001.